Kerezo Kuukuu la Bangale

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Tumepewa nafasi baada ya hesabu za Mweka Hazina, nasi twajua ya kuwa hesabu huwachosha watu, na jua nalo limekwisha panda. Twaomba mtuvumilie kidogo, kwa maana jambo tulilo nalo laweza kwisha hapa leo, na lisipokwisha litatuletea maneno mwaka mzima.

Jambo lenyewe ni ile mashine ya chuma iliyo katika banda, nyuma ya nyumba ya mwenye kinu cha unga. Wengine wenu mmeiona kwa macho, na wengine mmesikia sauti yake tu mkauliza ni nini. Katika ajenda ya leo, shauri la sita, liko pendekezo la kuiuza, kwa kuwa amepatikana mnunuzi kutoka mbali aliyetaja bei inayozidi mara tatu fedha tulizotumia. Kabla shauri hilo halijafikiwa, sisi tulioifanyia kazi twaomba kueleza mashine hii ni nini, ilipatikanaje, ilitengenezwaje, na ni nani aliyeitengeneza. Hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike maneno haya badala ya kuyasema kwa mdomo, tusije tukaogopa katikati.

Mafundi wa Nairobi na Garissa huiita kwa jina la Kiingereza, lakini Kiswahili kina neno lake la zamani, nalo ni kerezo. Kukereza ni kukata kitu huku chazunguka. Mafundi wa Lamu na Unguja walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo la upinde: kamba ya upinde huviringishwa juu ya kipande cha mti, mkono mmoja ukavuta upinde kwenda na kurudi, na mkono wa pili ukashika patasi. Kwa mti yatosha. Kwa chuma haitoshi, kwa sababu hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kushikilia kisu mbele ya chuma kinachozunguka bila kutetemeka. Basi katika kerezo la chuma kisu hushikwa na mashine yenyewe, na skrubu ndefu hukisogeza kidogo kidogo kwa kipimo kisichobadilika. Aliyeukamilisha mpango huo ni fundi Mwingereza, Henry Maudslay, mjini London, mnamo mwaka 1800. Kwa mashine ya namna hii hutengenezwa shafti, bushi, puli na skrubu. Tena kwa mashine ya namna hii mtu aweza kutengeneza sehemu nyingi za mashine nyingine iliyo sawa nayo. Katika vyombo vyote vya karakana twaona hiki peke yake ndicho chenye uzazi.

Sasa twende kwenye sababu. Mtaukumbuka ukame ule. Misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, na mifugo ya kaskazini ya Kenya ikafa kwa mamilioni. Ilikuwa katika ukame huo, mwaka 2021, shafti ya kichwa cha pampu ya kisima ilipokatika. Injini ilikuwa nzima, mafuta yalikuwapo, maji yalikuwapo chini, na kipande cha chuma chenye urefu wa mkono kikazuia yote. Tulikipeleka kwa fundi wa mji mmoja ambao hatutautaja. Tulingoja siku 11. Shafti mpya ilipoletwa, nati iliingia mizunguko miwili ikakwama. Kijana wetu mmoja akatia bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu, na nyuzi zote zikalika. Tukarudi mjini, tukangoja siku nyingine 8.

Wakati ule tulidhani fundi ametuibia. Baadaye tulijifunza ya kuwa hakutuibia, alikosea kitu ambacho hata sisi hatukukijua. Nyuzi za skrubu zina pembe. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, ambaye katika ujana wake alifanya kazi kwa yule Maudslay, aliwapa Waingereza kanuni moja ya nyuzi, na pembe yake ni digrii 55. Nyuzi za milimita zinazouzwa madukani leo ni za digrii 60. Pampu yetu ilikuwa ya Kiingereza ya zamani, na fundi alikata nyuzi za kisasa. Kwa macho zafanana kabisa. Digrii 5 hizo ndizo zilizotuweka bila maji siku 8 zaidi. Katika siku zile 19 wenye ngamia walihama. Wenye ng'ombe hawakuweza, kwa maana ng'ombe wao hawakuwa tena na nguvu za kufika mtoni. Wazee waliopo hapa wajua ni wangapi walioachwa njiani, nasi hatutaitaja hesabu hiyo mbele ya wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka ule mwenye kinu alikwenda kutafuta puli katika ua wa mnunuzi wa chuma chakavu. Huko aliikuta mashine hii imelala ubavu kati ya milango ya magari, ikingoja lori la kuipeleka kuyeyushwa. Hakuwa na fedha. Aliporudi akatueleza, nasi, twakiri, tulimcheka. Lakini mwezi wa Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu nchi nzima, kwa sababu ya watu waliokuwa wakivunja minara ya umeme na kuuza vyuma vyake. Lori halikuja. Mashine ikakaa pale pale miezi kadhaa, na biashara ilipofunguliwa tena katika mwaka huo huo, sisi tulikuwa tumekwisha changa. Tuliinunua kwa kilo, kama mtu anunuavyo mifupa.

Ililetwa na lori la ng'ombe lililokuwa likirudi tupu. Tuliiteremsha kwa kamba na kuiviringisha juu ya magogo ya mkoma, na hapo kamba moja ikakatika, mashine ikaanguka upande wa gia. Gia moja ikapoteza meno mawili. Kosa hilo ni letu, wala si la dereva kama ilivyosemwa sokoni.

Haikuwa na jina. Sahani ya kiwandani ilikwisha kung'olewa. Lakini tulipoipima ile skrubu ndefu tuliona ina nyuzi 4 kwa kila inchi moja, tukajua ya kuwa ilitengenezwa kwa watu wa inchi, si kwa watu wa milimita. Kwa hiyo mashine na pampu yetu ni wa kabila moja, na hilo lilitufurahisha kuliko kama tungalisoma jina lake.

Kutu ilikuwa kila mahali. Sehemu kubwa tulizipaka dizeli, tukaziacha, tukazisugua kwa brashi ya waya, siku baada ya siku. Sehemu ndogo tulizitia katika pipa la plastiki lenye maji na magadi, magadi haya haya ya Ziwa Magadi ambayo kina mama hutia katika maharagwe. Ndani ya pipa huning'inizwa kipande kingine cha chuma kisicho na thamani, kisha huletwa betri ya gari: ncha hasi hufungwa kwenye kitu chenye kutu, na ncha chanya kwenye kile chuma cha kutupwa. Maji huanza kutoa mapovu, na kutu huachia bila chuma kizima kuguswa. Kazi hiyo hufanywa uwanjani, wala haifai kuwasha kiberiti karibu, maana mapovu yale ni hewa ishikayo moto. Tena chuma kile cha kutupwa kisiwe cha namna isiyoshika kutu, kama vijiko na sufuria za kung'aa, kwa sababu hicho hugeuza maji kuwa sumu. Tuliyajua hayo yote kwa kusoma, na bado usiku mmoja nyaya zilifungwa kinyume. Asubuhi gurudumu dogo la mkono lilikuwa limeliwa, likabaki na vishimo kama mtu aliyeugua ndui. Gurudumu hilo liko hata leo kwenye mashine, lafanya kazi, ila si zuri kutazama.

Chini ya kutu tulikuta kitu cha kutushangaza. Kichwa cha mashine, mlimo shafti yake kubwa, kilikuwa kizima kabisa kwa ndani, kwa sababu mtu fulani wa zamani, kabla ya kuiacha, aliijaza grisi. Mtu huyo hatumjui, lakini twamwombea kheri. Ni kama habari ya meli ya Ziwa Tanganyika, ile Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaileta kwa vipande mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, adui walipokaribia, mafundi wake waliipaka grisi injini kwa mikono yao wenyewe kisha wakaizamisha. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza safari tena. Wale Wajerumani walikuwa wakiiacha meli yao, wakaitunza injini hata hivyo. Tumefikiri sana juu ya jambo hilo, na hatujui tuseme nini, ila kwamba fundi ni mtu wa ajabu.

Kitanda cha mashine, yaani ile reli mbili ambayo kisu husafiri juu yake, ndicho kilichotupa taabu. Ni chuma cha kusubu, kilichomiminwa kikiwa majimaji, nacho kimelika zaidi upande wa kichwa, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi hufanyika. Karakana kubwa za mjini zina mashine za kukisawazisha. Sisi tulitumia masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta. Ubao wa chuma ulionyooka hupakwa masizi kidogo sana, ukapitishwa juu ya kitanda, na kila penye mwinuko masizi hushika. Penye masizi hukwanguliwa kwa kikwanguo, kisha hupakwa tena, hukwanguliwa tena. Kila mkwanguo huondoa kitu kidogo kuliko vumbi. Tulifanya hivyo wiki saba, jioni, na katika wiki hizo saba watu wa mji walitupa majina mengi.

Na kikwanguo hicho kilitoka wapi? Hapa, Bwana Mwenyekiti, twafika kwa yule mzee.

Ninyi nyote mwamjua mzee mhunzi akaaye mwisho wa mji. Jina lake hatulitaji, kwa ombi lake mwenyewe. Ametutengenezea visu, shoka, vichwa vya mikuki na ncha za majembe tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nanyi wazee mwajua pia jambo ambalo halisemwi mkutanoni. Wasomali humwita mtu wa kazi hiyo tumal, na watu wa lugha ya Kioromo humwita tumtu, na majina hayo si majina ya kazi tu. Ni majina ya nasaba ambayo watu hawaozani nayo, wala hawaketi nayo bila kufikiri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wafugaji wengi wa upande huu wa Afrika: chombo cha mhunzi chatakiwa, na mwenyewe aogopwa. Sisi tulisoma shule ya misheni, tukafundishwa ya kuwa hayo ni ujinga. Lakini twakiri mbele yenu ya kuwa miaka yote tuliyoishi Bangale hatukuwahi kuketi nyumbani kwake hata mara moja. Kusoma ni jambo moja.

Alikuja mwenyewe. Hakuitwa. Siku ya tatu ya kukwangua alisimama nje ya banda akatazama kikwanguo chetu tulichokinunua, akasema, "Hicho ni chuma cha uji." Akaondoka. Kesho yake alileta tupa kuukuu aliyoinoa na kuipasha moto kwa namna yake. Alitufundisha kuwa chuma kigumu kikipashwa taratibu hubadilika rangi, kwanza kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu, na ya kuwa kila rangi ina kazi yake: kikwanguo na kisu cha kukatia chuma huzimwa kwenye rangi ya kwanza, shoka kwenye zambarau, springi kwenye buluu. Kijana wetu aliyemaliza shule aliitafuta habari hiyo katika vitabu akaikuta ni hivyo hivyo, pamoja na digrii zake za joto. Mzee hakutaka kujua digrii.

Ile gia iliyovunjika meno mawili mwenye kinu alitaka kuitupa. Mzee aliichukua. Alitoboa vitundu mahali pa meno, akatia ndani yake visiki vya chuma, akayeyusha shaba ya bomba la zamani kwa boraksi juu ya visiki hivyo mpaka pakawa na donge, kisha akaketi chini na tupa, siku mbili, akilitazama jino la jirani na kulifuatisha. Hakupima kwa chochote isipokuwa ukucha. Meno hayo mawili ya shaba yang'aa katikati ya meno ya chuma kama meno ya dhahabu ya tajiri wa Mombasa, na hayajavunjika.

Babu wa yule kijana hakufurahi. Alimwambia mjukuu wake, nasi tukiwapo, ya kuwa mikono inayonuka chuma haitii kisahani chake cha nyama. Kijana alinyamaza, kama ilivyompasa. Akaendelea kuja. Alikula kwa mwenye kinu muda wa miezi minne.

Mambo mengine twayapita kwa haraka. Nguvu twapata katika ile injini ya dizeli ya kinu. Yakimbia mizunguko 850 kwa dakika, nayo ni mingi mno, kwa maana shafti nene ya milimita 50 yataka kama mizunguko 160 tu, ama sivyo kisu kitaungua. Seremala alitukatia puli za mbao za kupunguza mwendo. Mkanda tulifanya wa ngozi ya ngamia, uliounganishwa kwa nyuzi za ngozi, na harufu yake siku ya joto ni jambo ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote tulichosoma. Sakafu ni ya saruji, na mashine ilisawazishwa kwa pimamaji. Vumbi ndilo adui mkubwa, kwa kuwa mchanga ukiingia kwenye kitanda chenye mafuta ni kama msasa. Kwa hiyo mashine hufunikwa turubai kila jioni, na upepo ukivuma kazi husimama.

Tulipokwisha, tulikereza fimbo ya chuma na kuipima kwa maikromita huku na huku. Tofauti ilikuwa sehemu 5 katika 100 za milimita kwa urefu wa shubiri mbili. Karakana ya mjini isingeridhika. Mzee aliuliza hiyo ni kiasi gani, tukang'oa unywele wa kichwa cha kijana tukaupima, ukawa mnene kuliko kosa letu. Akasema, "Basi."

Sasa sikilizeni habari ya Novemba 2023. Baada ya ukame ilikuja mvua ya El Nino, na maji ya Tana yakaikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Katika juma lile lile shafti ya kinu cha unga ilikatika. Mahindi yalikuwapo magunia, ila mahindi si unga, na vinu vya mkono vilivyobaki mjini ni vya kuhesabika. Fundi wetu wa kawaida alikuwa ng'ambo ya maji. Mtu angaliweza kwenda Thika, kwa nauli kubwa na kungoja zamu huko, nasi tulikuwa tumekwisha onja kungoja zamu.

Kinu kilipokufa, injini yake ikawa huru kuendesha kerezo. Tulichukua ekseli ya lori iliyovunjika, maana chuma chake ni chema kuliko nondo, lakini ni kigumu. Mzee aliipasha mpaka ikawa nyekundu, akaifukia katika majivu usiku kucha na mchana wake, ikalainika. Kijana ndiye aliyekereza. Mzee aliketi juu ya kopo la mafuta akisikiliza. Kisu kilipoanza kulia alinyanyua mkono, kijana akasimamisha, kisu kikanolewa. Kazi ilichukua siku mbili na nusu. Siku ya nne tangu kukatika kwa shafti kina mama walisimama mstari hapa na debe zao, na katika mstari huo alikuwamo mke wa yule babu. Sisi tuliokuwapo hatukusema neno. Jioni yake kijana alikula nyumbani kwao.

Tangu siku hiyo tumekereza bushi za mikokoteni ya punda, puli mbili, na shafti moja ya akiba ya pampu ya kisima, yenye nyuzi za digrii 55, iliyopakwa grisi na kufungwa katika nailoni. Hiyo yaning'inia ukutani. Hatujaitumia, nasi twaomba Mungu isitumike.

Haifai tuwaficheni upungufu wake. Mashine haiwezi kukata nyuzi za milimita kwa usahihi, kwa kuwa yatakiwa gia ya meno 127, nasi hatunayo. Sababu ya idadi hiyo ngumu ni kwamba inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo inchi 5 ni milimita 127, na 127 haigawanyiki kwa lolote ila moja na yenyewe. Gia hiyo itatubidi kuinunua. Tena kitanda kitaendelea kulika, na visu vyataka fedha. Wanaopendekeza iuzwe si adui wa maendeleo. Wamesema fedha hizo zaweza kulipa karo ya watoto kadhaa wa sekondari, na maneno hayo ni ya kweli. Karani ambaye karo yake mwenyewe ililipwa kwa mchango hawezi kuyadharau. Twasema tu kwamba mtoto mmoja amekwisha somea kwenye mashine hiyo bila karo, na mwaka ujao ataka kufanya mtihani wa ufundi wa Serikali wa daraja la tatu. Mashine ikiondoka atabaki na nadharia. Kadhalika mnunuzi aliyetaja bei ile hakuitaja mwaka 2022, ilipokuwa imelala ubavu. Yeye anunua wiki saba za kukwangua na meno mawili ya shaba.

Kwa hiyo sisi twapinga kuuzwa. Tukishindwa kwa kura tutatii, na turubai tutalikunja wenyewe.

Liko jambo moja la mwisho, nalo halimo katika ajenda, kwa hiyo twaomba ruhusa ya Mwenyekiti. Tumesoma katiba ya Chama chetu kutoka mwanzo hata mwisho. Yasema mwanachama ni mtu mzima yeyote akaaye Bangale, mwenye tabia njema, alipaye ada. Haina neno lolote juu ya kazi ya mtu wala ukoo wake. Hata hivyo katika daftari la wanachama, ambalo sisi ndio tulitunzalo, jina la yule mzee halimo, na tukirudi nyuma mpaka ukurasa wa kwanza hatuoni mtu yeyote wa nyumba yake. Hakuna aliyewakataza. Hakuna aliyewaita pia. Katika taarifa ya kazi ya mwaka huu, iliyo mbele yenu, imeandikwa ya kuwa kerezo lilitengenezwa na "wanachama". Sisi ndio tulioandika neno hilo, na tulipolisoma tena usiku tuliona kuwa tumeandika uongo.

Juma lililopita tulikwenda nyumbani kwake, tukaketi, tukapewa chai. Tulimwuliza kama angependa kujiunga. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni kiasi gani. Asubuhi ya leo, kabla ya mkutano, alileta ada ya kiingilio na ya mwaka mzima, imefungwa katika kitambaa, akatuachia mlangoni asiingie ndani. Iko pale mezani mbele ya Mweka Hazina. Daftari la stakabadhi liko wazi, kalamu iko juu yake, naye hajaandika, angoja neno la mkutano huu. Mzee mwenyewe yuko nje, chini ya mgunga.